Mto Manonga: Haufiki baharini, haujajengewa ukuta, lakini ndio ghala la mpunga

KATIKA eneo lililokuwa Mkoa wa Shinyanga kabla ya kugawanywa mwaka 2012, mvua ya siku moja inaweza kwenda mahali patatu ambapo maji yake hayatakutana tena.

Inayonyesha upande wa kaskazini huingia katika Mto Isanga na mito mingine midogo, ikafika Ziwa Victoria, na kutoka huko ikafuata Mto Nile hadi Misri na Bahari ya Mediterania. Inayonyesha upande wa magharibi, kuelekea Bukombe, hushuka kwa Mto Nikonga hadi Moyowosi na Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika na kuishia katika Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Ya tatu, ambayo ndiyo inayohusu wakulima wengi wa mpunga wa Shinyanga Vijijini, Kishapu, Nzega na Igunga, huingia Mto Manonga. Hii haifiki bahari yoyote.

Ni mikoa michache nchini yenye bahati, au mkosi, wa kukaa juu ya mgawanyiko wa namna hii. Kwa mkulima jambo hili si somo la jiografia tu. Ndilo linaloamua ni ofisi ipi ya bonde itakayompa kibali cha kutumia pampu, matope ya mgodi upi yatafika shambani kwake, na kwa nini mwenzake wa ng'ambo ya kilima ana maji wakati yeye hana.

Manonga huanzia katika miinuko ya chini ya Usukuma na Unyamwezi. Asitafutwe Kilimanjaro hapa. "Milima" ya mto huu ni vilima vya mawe makubwa ya matale, vile ambavyo msafiri huviona vimesimama peke yake uwandani kama mawe yaliyopangwa na mtu. Mvua ikipiga juu ya mawe hayo haina pa kuzama, hivyo huteremka kwa kasi. Vijito hujaa kwa saa chache, na siku mbili baadaye huwa ni mchanga mtupu.

Kutoka huko mto huelekea mashariki, ukiwa mpaka kati ya Mkoa wa Shinyanga upande mmoja na wilaya za Nzega na Igunga za Mkoa wa Tabora upande mwingine. Anayesafiri kwa barabara ya Nzega kwenda Tinde huuvuka, na akipita mwezi wa Agosti anaweza asitambue kwamba amevuka mto. Mbele zaidi huingia katika mbuga pana ya Wembere, ambako hukutana na Mto Wembere unaotoka kusini. Maji hayo kwa pamoja huenda Ziwa Kitangiri mkoani Singida, na ziwa likijaa hutoka kwa Mto Sibiti kwenda Ziwa Eyasi. Hapo ndipo mwisho. Eyasi haina mlango wa kutokea, maji yake hupandishwa na jua na kuacha chumvi na magadi.

Ndiyo maana wataalamu huliita eneo lote hili Bonde la Kati, moja ya mabonde tisa ya maji ya Tanzania Bara. Ofisi yake iko Singida, wakati Bonde la Ziwa Victoria lina ofisi Mwanza na lile la Ziwa Tanganyika Kigoma.

Jambo la kushangaza katika mto huu ni ubapa wake. Mji wa Shinyanga uko katika mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Eyasi liko mita 1,030 hivi. Maana yake ni kwamba katika safari yote hiyo ya mamia ya kilomita maji hushuka kwa kimo ambacho hakizidi mnara mmoja mrefu wa simu. Maji yasiyo na mteremko hutembea taratibu na hupanuka. Mvua kubwa ikija, Manonga hutoka katika kingo zake na kuwa bahari ya muda.

Sababu ni ya kale sana. Wanasayansi waliochimba katika bonde la Manonga miaka ya 1990, wakiongozwa na Profesa Terry Harrison wa Marekani, walikuta mifupa ya tembo na viboko wa kale katika tabaka za udongo wenye umri wa kati ya miaka milioni nne na zaidi ya milioni tano. Bonde hili lilikuwa ziwa. Mkulima anayelaani udongo wake mweusi unaonata kwenye plau anailima sakafu ya ziwa hilo.

Tabaka hizo hizo nene ndizo zilizolivutia Shirika la Maendeleo ya Petroli (TPDC), ambalo mwaka 2020 na 2021 lilichoronga visima vifupi vya utafiti wa mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere. Wenyeji wamelisikia hilo kwa hamu. Kwa sasa linalotoka bondeni ni mpunga, pamba, ng'ombe na samaki wa Kitangiri.

Kutoka luseni hadi mbuga

Wasukuma hawakungoja mtaalamu kuwaambia kwamba udongo hubadilika kadiri unavyoshuka kutoka kilimani kwenda mtoni. Wana majina yake. Juu, chini ya mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga, mwepisi kulima hata kwa jembe la mkono, wenye rutuba ndogo. Hapo huwekwa mihogo, karanga, viazi na uwele. Katikati hupatikana ibushi, wenye chokaa, unaofaa mahindi na pamba. Chini yake huja itogolo, ambao juu ni mchanga laini na chini ni tabaka gumu lisilopitisha maji. Mwisho kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina la mnyororo, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima. Mzee yeyote wa Usukuma angeweza kumpa majina ya pingu zote za mnyororo huo.

Kwa muda mrefu itogolo ulionekana udongo wa hovyo, wa kulishia ng'ombe. Mahindi hufa humo kwa kuwa mizizi huoza msimu wa mvua na kukauka mara mvua ikikatika. Lakini kasoro hiyo hiyo ya kutopitisha maji ndiyo iliyougeuza kuwa mali. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 wakulima wengi wa Shinyanga walijenga majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za udongo, na kuanza kupanda mpunga. Maji yanayoteremka kutoka vilimani yananaswa jaruba kwa jaruba. Hakuna mfereji wa saruji, hakuna mashine, hakuna mtu anayelipwa kufungua lango.

Kwa hiyo anayesema kwamba mto huu hauna bwawa anasema nusu ya ukweli. Mkondo mkuu wa Manonga haujakatizwa na ukuta mkubwa, na hakuna mtambo wa umeme hata mmoja. Lakini juu yake, katika miteremko, kuna maelfu kwa maelfu ya kuta zenye kimo cha goti zilizojengwa kwa majembe. Zikijumlishwa, hizo ndizo bwawa la Shinyanga.

Hesabu ya majaruba ni ya kamari kidogo. Mvua za Shinyanga huanza Novemba na kuisha Aprili au Mei, na kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 600 na 900. Kiasi hicho peke yake hakitoshi mpunga. Kinachouokoa ni maji ya nyongeza yanayotoka juu. Ndiyo maana mwenye jaruba aliye karibu na mteremko wa mawe huvuna hata mwaka mbaya, na aliye mbali hupandikiza mara mbili na kuambulia pumba. Bei ya shamba vijijini hufuata jambo hili. Mgeni anayekuja kununua ekari wakati wa kiangazi, wakati mashamba yote yanafanana, mara nyingi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Aje Januari, siku moja baada ya mvua, aone maji yanapita wapi.

Upande wa chini, mbugani, hatari ni ya kinyume. Manonga ikifurika hubeba kingo za majaruba na miche pamoja. Wanaolima karibu na mkondo hupendelea mbegu ndefu za zamani kama Supa, ambazo pia soko linazipenda kwa harufu yake, kuliko mbegu fupi ya Saro 5 inayozaa zaidi lakini huzama maji yakipanda. Mwenye shamba la juu lenye maji ya kudhibitiwa anaweza kufikiri tofauti.

Biashara ya mpunga wa bonde hili hupitia kwa mashine za kukoboa za Igunga, Nzega, Shinyanga, Isaka na zaidi ya zote Kahama, ambako wanunuzi hutoka hadi Rwanda, Uganda na Kenya. Mkulima wengi huuza Juni na Julai, bei ikiwa chini, kwa sababu ada ya shule na deni la kupandikiza vinamngoja. Na huuza kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, ambalo Sheria ya Vipimo imelikataza na madalali bado wanalipenda. Mwenye mzani shambani na uwezo wa kungoja hadi Januari ndiye anayekula jasho la wengine.

Wakati wa kiangazi mto nao una biashara yake. Mchanga wa mkondo hushika maji chini hata juu kukiwa kukavu. Vijana huchimba mashimo, hutega pampu ndogo za petroli na kulima nyanya, vitunguu na mboga za majani, ambazo miezi ya Septemba na Oktoba huwa ghali mijini. Wengine huuza mchanga wenyewe kwa wajenzi. Biashara hizi mbili hugombana: mchanga ukichotwa sana, mto hubaki mwamba na tope, na maji ya kiangazi huondoka pamoja na lori.

Kwa nini hakuna ukuta

Swali hili huulizwa kila mwaka wa ukame: kwa nini Serikali isizibe Manonga?

Jibu la kwanza ni ubapa wenyewe. Bwawa zuri linataka bonde jembamba lenye kuta mbili za mwamba, ukuta mfupi ukazuia maji mengi yenye kina. Hapa ukuta ungepaswa kuwa mrefu mno, na maji yangetapakaa kama uji katika sinia. Jua la Shinyanga hupandisha hewani maji mengi kuliko mara mbili ya mvua inayonyesha kwa mwaka. Sinia la maji katika hali hiyo ni la kulisha mawingu.

Jibu la pili ni tope. Watu wa Shinyanga wana uzoefu mchungu wa malambo. Chini ya Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, Waingereza walichimba malambo mengi kwa ajili ya mifugo, na kazi hiyo iliendelea baada ya Uhuru. Mengi yamejaa udongo. Miti ilikuwa imefyekwa, kwanza kwa kampeni za kufukuza mbung'o na baadaye kwa mashamba ya pamba na kuni, hivyo kila mvua ilileta udongo wa juu wa mashamba na kuumwaga lamboni.

Mabwawa makubwa kidogo yaliyopo yako kwenye vijito vinavyoingia bondeni. Bwawa la Ning'hwa lilikuwa tegemeo la mji wa Shinyanga kwa miaka mingi. Mwamapuli, wilayani Igunga, ni la mpunga. Bonde la Manonga na Wembere limetajwa mara nyingi katika mipango ya umwagiliaji ya nchi, na ukubwa wa ardhi yake unaeleza kwa nini. Lakini ukitaka kumwagilia Wembere yote lazima uulize maji yatoke wapi, maana Manonga yenyewe hukauka.

Wajerumani waliuliza swali hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita na kupata jibu ambalo bado linasisimua. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi. Wembere iko chini yake. Kati ya ncha ya kusini ya ziwa, katika Ghuba ya Smith, na bonde la Manonga hakuna mlima, ni mwinuko wa chini tu. Ukiukata mwinuko huo kwa mfereji, maji ya ziwa yangetiririka yenyewe, bila pampu, hadi Wembere, na nchi yote hiyo ingekuwa shamba la pamba. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza mipango hiyo. Waingereza waliirithi na kuichunguza, lakini wao walikuwa pia na maslahi Misri na Sudan. Makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri yalizuia kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile kutoka nchi zilizokuwa chini ya Uingereza bila ridhaa ya Misri. Kwa maneno mengine, pamba ya Misri ililindwa dhidi ya pamba ya Msukuma.

Mwaka 1962 Serikali ilizijulisha Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na makubaliano hayo. Hata hivyo mfereji haukuchimbwa, na pengine ni heri. Mfereji wa wazi katika jua lile, ukimwaga maji katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, ungeweza kuiacha Wembere na kile kilichobaki Eyasi, yaani chumvi.

Kilichokuja badala yake ni bomba. Mwaka 2004 Serikali ilianza mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga kwa fedha zake yenyewe, jambo lililozua maneno Cairo. Maji huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, na mradi ulizinduliwa mwaka 2009 chini ya mamlaka iitwayo KASHWASA. Kufikia mwaka 2021 bomba lilikuwa limefika Nzega, Igunga na Tabora. Hivyo maji ya Nile sasa yamevuka kilima na kuingia katika Bonde la Kati kupitia mabomba ya majumbani. Mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za Nile, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutia saini Mei 14, 2010 mjini Entebbe, ulianza kutumika Oktoba 13, 2024. Misri na Sudan hazijajiunga.

Kwa mfugaji na mkulima bomba ni la kunywa tu. Bei ya maji yaliyosafishwa na kusukumwa kwa umeme haivumilii jaruba la mpunga.

Dhahabu inavyofuata mteremko

Upande wa Geita hadithi ya mteremko ni ile ile, isipokuwa kinachoteremka si udongo pekee.

Mgodi wa Geita, uliofunguliwa upya mwaka 2000 baada ya ule wa zamani kufungwa mwaka 1966, huvuta maji Ziwa Victoria katika Ghuba ya Nungwe. Bulyanhulu, ulioanza mwaka 2001, huvuta katika Ghuba ya Smith, ile ile ambayo Wajerumani walitaka kuanzia mfereji wao. Migodi mikubwa imejitafutia mabomba. Wachimbaji wadogo hawana bomba, wao hufuata kijito.

Dhahabu ya mchimbaji mdogo haitoki bila maji. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mwalo, kisha hutiwa zebaki inayokamata dhahabu. Tope linalobaki, marudio, huuzwa kwa wenye vati wanaolichenjua tena kwa sayanaidi. Hivyo mwalo hujengwa karibu na maji, na mvua ya kwanza huosha kilichomwagika.

Kinakwenda wapi? Hapo ndipo mgawanyiko wa mabonde unapoanza kuwa na thamani ya fedha. Rwamagasa iko Geita, na mtu angedhani uchafu wake unaishia Ziwa Victoria. Lakini uchunguzi wa zebaki uliofanywa huko mwaka 2003 na Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza, kwa ajili ya shirika la UNIDO, ulifuatilia pia Mto Nikonga, unaoelekea Moyowosi na Malagarasi. Ardhi oevu ya Malagarasi-Moyowosi ndiyo ya kwanza nchini kuorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na inalisha wavuvi na wafuga nyuki wengi wa Kigoma na Tabora. Uchunguzi huo ulikuta zebaki nyingi karibu na mialo na marudio, wakati samaki wa Ghuba ya Nungwe walionekana salama. Kwa mvuvi wa Nungwe hiyo ilikuwa habari njema ya soko. Anayelima mpunga au kuvua kambare mtaroni chini ya mwalo hana faraja hiyo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Zebaki bado inauzwa katika machimbo, na itaendelea kuuzwa mpaka mchimbaji apate njia nyingine ya haraka ya kupata fedha jioni hiyo hiyo.

Almasi nazo zimetoa somo lao. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka. Tope lilishuka na kufunika nyumba, mashamba na vyanzo vya maji katika vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze. Hakuna aliyekufa. Ni ajabu kidogo kwamba katika nchi ambayo mto wake haujawahi kujengewa ukuta mkubwa, ukuta uliovunjika ulikuwa wa matope ya mgodi.

Dhahabu iko pia upande wa pili kabisa wa safari ya Manonga. Sekenke, juu ya ukingo wa Wembere upande wa Iramba, ndiko Wajerumani walikoanza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na ndiko ilikotoka dhahabu ya sarafu zenye picha ya tembo zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita.

Mita 60 na kibali

Sheria mbili zinamgusa moja kwa moja mtu wa mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechota maji ya mto kwa umwagiliaji au biashara awe na kibali cha bodi ya bonde. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono na maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani havihitaji kibali.

Kwenye Kagera au Pangani mita 60 huonekana kwa macho. Kwenye Manonga ni mtihani. Ukingo uko wapi katika mto ambao Agosti una upana wa hatua ishirini na Machi hauonekani mwisho? Anayepima kiangazi na anayepima masika hawatakubaliana, na katikati yao kuna mashamba ya watu. Wakulima waliojiunga katika jumuiya za watumia maji wana nafuu, kwa kuwa jumuiya inaweza kuweka mipaka kwa makubaliano na kuomba kibali kimoja cha pampu kadhaa, badala ya kila mtu kufukuzana na ofisi ya Singida peke yake.

Lakini kazi iliyoleta mabadiliko makubwa katika maji ya Manonga ilifanyika mbali na mto. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliodumu hadi 2004. Baada ya kupanda miti ya kigeni kwa mafanikio kidogo, mradi ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Visiki vilivyokuwa ardhini vilichipua vyenyewe. Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta ngitili katika vijiji zaidi ya 800, zikiwa na zaidi ya hekta 300,000, na kaya zikipata kuni, asali, dawa, nguzo na nyasi za kuezekea.

Mtoni ngitili ina maana moja tu: maji yanachelewa. Mvua iliyokuwa ikifika bondeni kwa saa tatu ikiwa na tope, inafika kwa siku kadhaa ikiwa safi zaidi. Majaruba hayabomoki kwa wimbi moja, na mchanga wa mkondo una maji hadi Septemba. Tatizo ni kwamba anayefunga ngitili yuko juu na anayefaidi maji yuko chini, mara nyingi katika wilaya au hata mkoa mwingine. Mkaa ukipanda bei Kahama na Shinyanga mjini, mwenye ngitili hujua thamani yake kwa magunia. Mwenye jaruba wa Igunga hajawahi kumlipa hata senti, na hakuna utaratibu wa kumlipa.

Mfanyabiashara naye ana yake ya kuhesabu. Kwa miaka mingi mafuriko ya Manonga yalikata wilaya ya Igunga vipande, mazao yakabaki ng'ambo mpaka maji yapungue. Daraja la Mbutu, lililojengwa na umoja wa makandarasi wa Kitanzania baada ya mwaka 2011, liliondoa kikwazo hicho katika njia moja kuu. Upande wa Geita, Daraja la Kigongo-Busisi lenye urefu wa kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 19, 2025, limeondoa foleni ya kivuko katika Ghuba ya Mwanza, na mchele wa Kahama una njia mbili za kushindania soko la machimboni.

Njia ndogo bado ni za msimu. Nyingi hupita juu ya mchanga wa mito, na magari ya tani saba huacha kuingia vijijini mara mvua za Desemba zinapokolea. Mpunga ambao haukutoka kabla ya hapo husubiri hadi Mei. Wanunuzi wanalijua hilo, ndiyo maana Novemba huja vijijini na bei moja asubuhi na nyingine, ya chini zaidi, mawingu yakianza kukusanyika upande wa ziwa.